Mwali wa Mwaka wa Vita

Katika mwaka wa pili wa vita vya Wajerumani na Waingereza, nilipanda gari moshi la kwenda Morogoro. Mbele yangu alikaa mama wa Kinole, amepakata furushi. Mzee wa Mzumbe aliyekaa kando yake alimuuliza amebeba nini.

"Shanga na kanga, baba. Binti yangu ni mwali, nakwenda kumtoa."

"Ngoma mwaka huu? Askari si wamewamalizia mahindi?"

"Wamechukua mahindi, wamemchukua na mume wangu awabebee mizigo. Sasa mtoto akae ndani mpaka Mjerumani achoke kupigana?"

"Vijana hawapo. Nani atacheza?"

"Kwetu mwali hutolewa na wanawake. Nyie mlikuwa mnakuja kula tu."

Behewa zima lilicheka, isipokuwa mzee. "Na safari hii tutakula nini?"

"Magimbi. Askari waliyapita bondeni wakidhani ni majani."

Nilikadiria kuwa magimbi ya bonde moja hayawezi kulisha wageni wa ngoma. Mzee naye alikadiria hivyo. "Watu wana njaa, mama. Ngoja mwakani."

"Mimi nilitolewa mwaka wa nzige, baba. Mpaka leo Kinole wanaisimulia ngoma ile. Nzige wenyewe hawasimuliwi."

Gari liliposimama Morogoro, askari wa stesheni aliligusa furushi na kuuliza lina nini.

"Shanga za mwanangu," mama alijibu kwa sauti. "Anatoka Ijumaa!"

Wanawake wasiomjua wakapiga vigelegele. Mzee aliteremka nyuma yangu. "Magimbi hayatatosha," aliniambia.