Dancille Mukashyaka, namba tano wa Mishale

Wasikilizaji wapendwa, mlio Ndosho, Mabanga, Katoyi na kwingineko, sogeeni karibu na redio. Dancille Mukashyaka hatunaye tena. Amefariki Alhamisi kwa ugonjwa wa figo. Alikuwa na miaka thelathini na tatu. Wengi mlimjua kwa jezi yake: namba tano wa Mishale, timu ya basketi ya wasichana wa chuo.

Vita vilipofika Rutshuru mwaka 2008, Dancille alitembea kwa miguu hadi Goma pamoja na mama yake, Mama Mukantwari. Alibeba godoro kichwani. Walipanga nyumba ya mbao Ndosho. Mwaka uliofuata akaingia chuo cha biashara, akaomba kucheza. Kocha Aubin Bulonza alicheka alipoona ufupi wake. Halafu akamwona anawapita wasichana watatu akiudunda mpira, bila kuutazama. Siku hiyo hiyo akamfanya meneuse, yule anayeleta mpira mbele na kuamua nani aupate. Kwa miaka mitatu, Mishale walicheza kwa akili ya Dancille.

Ukaja mwaka 2012. Vita tena. Kwenye barabara ya Rutshuru, watu wenye silaha, waliosemekana kuongea Kinyarwanda, walimuua Kasereka. Huyo Kasereka alikuwa kaka yake Charline Kavira, mfungaji mkubwa wa Mishale. Mjini, watu walianza kutazamana kwa lugha. Dancille alisema Kinyarwanda nyumbani kwao. Hilo tu likatosha. Majuma matatu Charline hakumsalimia. Hata mpira hakumpa.

Siku ya nusu fainali, kiwanja kilijaa. Kabla ya mchezo, Kocha Aubin alimwita Dancille pembeni. Kocha mwenyewe alinisimulia.

"Komite ya timu haitaki ucheze, mutoto wangu. Sema tu mguu inakuuma."

"Mguu yangu haina kitu, coach. Kama munanitoa, museme sababu."

Kocha alimketisha kwenye benchi.

Hata pale hawakumwacha. Vijana nyuma ya benchi walipiga kelele: "Arudi kwao! Arudi kwao!" Wengine walishika mawe. Wakaanza kuita jina la marehemu: "Kasereka! Kasereka!" Dancille hakugeuka. Aliendelea kuwapigia wenzake makofi. Mishale walikuwa nyuma kwa pointi kumi na moja.

Ndipo Charline akauacha mchezo, akaja mbele ya kocha, akaketi chini.

"Bila Dancille, mimi siingie tena."

Juzi, kwenye kilio cha Dancille, nilimuuliza kwa nini. Charline alinijibu hivi: "Papa, nilikuwa na hasira na Dancille, ni kweli. Lakini wale watu walikuwa wanamutukana na jina ya kaka yangu. Ni nani aliwatuma?"

Dancille akaingia. Pasi yake ya kwanza ilikwenda kwa Charline. Ya pili pia. Pointi kumi na moja zikawa tano, zikawa moja. Sekunde za mwisho, Dancille alirusha mwenyewe. Mpira ulizunguka chuma cha kikapu, ukatoka nje.

Mishale walishindwa kwa pointi moja. Na mlango wa kutokea ulikuwa mmoja, na wale vijana walikuwa wamesimama hapo na mawe yao. Charline alimshika Dancille mkono, akatangulia. "Mupige mimi kwanza," akawaambia. Walipita. Hakuna jiwe lililorushwa.

Mama Mukantwari alimwomba wahame usiku ule ule. Dancille akakataa: "Mama, tumehama mara ngapi? Mimi nabakia hapa." Alibakia. Alicheza misimu miwili zaidi, halafu akafundisha wasichana wa Mabanga mpaka figo zilipomshinda.

Kwa Mama Mukantwari, kwa Habarurema, mume wa Dancille, kwa Charline na Mishale wote, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Wasikilizaji wapendwa, siku ile mimi nilikuwa kiwanjani na mikrofoni yangu. Nilisikia "Arudi kwao." Niliona mawe. Jioni, kwenye habari za michezo, nilisema kwamba mashabiki walikuwa na moto mwingi. Ni hayo tu niliyosema. Dancille alinisikia, na kila tulipokutana alinisalimia vizuri.

Wewe uliyekuwa pale, ulisema nini?