Muhogo Ulioitwa Silaha

Mheshimiwa mgeni rasmi, Afande Kamanda wetu, maafisa, askari wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na wewe mke wangu uliyenyoosha sare hii kwa miaka thelathini na mmoja: habari za mchana!

Leo mnaniaga nikistaafu, nami nina furaha mpaka miguu haitulii. Nimesifiwa sana hapa, nami naomba nirudishe sifa. Afande Kamanda, nani kama wewe kwa maandalizi? Siku ile ya operesheni ya bangi ulitupa helikopta, magari mawili ya deraya, na askari arobaini wenye kofia za chuma na fulana za kuzuia risasi. Tukavamia, tukafyeka ekari nzima kabla chai haijapoa. Kazi safi! Tatizo dogo tu: ilikuwa mihogo.

Chekeni jamani, mimi mwenyewe nilishika panga. Kutoka juu majani yanafanana, na anayeshuka na bunduki hana muda wa kuuliza. Aliyeuliza ni mwenye shamba. Aling'oa muhogo, akauinua: "Wanangu, bangi ina mizizi hii?" Tukamlaza kifudifudi, pingu mikononi. Hati ya mashtaka inasema alishambulia askari kwa silaha butu. Ndiyo, muhogo!

Na hiyo bangi yenyewe? Nimeifyeka tangu nikiwa kuruta. Mvua ikinyesha inaota tena, na wanunuzi wakubwa hatujawahi kuwagongea mlango. Watoto wa vijiji vile wakisikia helikopta wanakimbilia uvunguni. Huo ndio usalama tulioapa kuulinda? Mimi naona aibu.

Wengi mmeniuliza yule mama wa gauni la kijani ni ndugu yangu wa wapi. Ni mke wa mwenye shamba. Mumewe yuko rumande mwezi wa nne sasa, kwa sababu sisi arobaini tuliandika maelezo yanayofanana neno kwa neno, yangu yakiwemo. Mama, nisamehe.

Afande, jana uliniita ofisini ukaniambia, "Mzee, staafu kwa amani, mengine yaache." Kustaafu nimestaafu. Kuyaacha kumenishinda! Kesho saa tatu asubuhi nasimama kizimbani, shahidi wa mume wa mama huyu, niseme nilichokiona na nilichokiandika. Wenzangu thelathini na tisa, mahakama ni ileile tuliyompeleka, mnakaribishwa.

Nawashukuru kwa zawadi, na kwa kunivumilia mpaka neno la mwisho. Mama, twende, wakili wa mumeo anatusubiri.