Mapovu Yaliyomchelewa Batula

Mgeni rasmi, Bwana Mkurugenzi wa Tiba, viongozi wa dini, wazee na kina mama: assalamu alaikum.

KARIBU

Umekuja Garissa kutufungulia chumba kipya cha ultrasaundi. Kwa chumba tunashukuru. Mashine iliyomo ni ile ya zamani.

TULIKOTOKA

Mashine hiyo huonyesha kwamba ini lina uvimbe. Haisemi ni uvimbe gani. Wakati wa mafuriko ya El Nino, Batula wa Balambala, aliyekuwa akinyonyesha, alipimwa na mwenzetu Hirsi. Likaonekana doa.

"Ni uvimbe wa kuua?" akauliza.

"Kwa mashine hii, siwezi kusema si wa kuua."

Jibu lilikuwa sahihi. Barabara ya Nairobi ilikuwa imekatwa na maji. Ilipofunguka tulimsihi aende. Akakataa, akisema atafia kwao. Alikuwa amekwisha kumwachisha ziwa binti yake, Kowsar, na kumkabidhi kwa dada yake huko Masalani, ili mtoto azoee mapema kuishi bila yeye.

MAFANIKIO

Mwaka huu, 1999, daktari mgeni alikuja na mashine yake, pamoja na dawa yenye mapovu madogo ya hewa, inayodungwa kwenye mshipa wa mkono. Tukamwita Batula.

"Hirsi walaal, ndugu yangu, mapovu yenyewe ndiyo haya? Ya maziwa ya ngamia wangu yanayashinda!"

Akacheka peke yake. Sisi tulikuwa tunatazama kioo. Doa liling'aa kwanza pembeni, kisha mwanga ukajaa polepole kuelekea katikati, ukabaki. Saratani kwa kawaida haifanyi hivyo. Lilikuwa fungu la mishipa ya damu tu, lisilohitaji kisu wala dawa.

CHANGAMOTO

Batula alikwenda Masalani kumchukua mwanawe. Kowsar akajificha nyuma ya dada mtu, akimwita "hooyo", mama. Batula akaitwa "habaryar", mama mdogo. Alirudi peke yake.

"Mtoto yuko wapi?" Hirsi akamuuliza.

"Nimemwacha. Nimtoe kwa mama yake mara ya pili?"

Daktari mgeni ameondoka na mashine yake.

OMBI

Tunaomba mashine ya aina ile, dawa ya mapovu, na mafunzo kwa Hirsi.

Mgeni rasmi, kwenye benchi nje ya mlango utakaoufungua ameketi Rahmo, kutoka Ijara, na mtoto mchanga mapajani. Ana doa kama la Batula. Ameuliza swali lile lile, na Hirsi bado hajamjibu.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani, na akurudishe kwetu ukiwa na jibu.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Chumba cha Ultrasaundi, Garissa.