Nangila na Kiti cha Meneja

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Nangila Sitati, mkuu wa uzalishaji katika kiwanda cha sabuni hapa Nakuru. Kiwanda ni cha kampuni ya ng'ambo. Mameneja wake wote wametoka ng'ambo.

Kila meneja mpya aliposhuka, Nangila ndiye aliyemfundisha kazi. Kila alipoondoka, Nangila ndiye aliyeshikilia ofisi mpaka aletwe mwingine. Nangila akakiomba kiti hicho cha meneja. Makao makuu yakamjibu bila haya: mtu wa hapa atajaza jamaa zake kiwandani.

Basi akaamua kuwaonyesha. Mdogo wake, Bethwel, fundi wa mitambo aliyesomea kazi yake, alikuja kwenye usaili wa kazi hapo kiwandani. Aliwashinda wote. Nangila akamkataa, tena mbele ya wakubwa.

Mama yao, Mercyline, anakumbuka Krismasi ya mwaka huo, kwake mtaani Kaptembwo. "Bethwel alisukuma sahani. Akasema, 'Sista, umeninyima kazi ndio wazungu wakuone wa maana?' Nangila akamwambia, 'Ningoje kidogo, wacha nikalie hicho kiti kwanza.' Bethwel akatoka. Hakuwahi kula na dadake tena."

Na kiti hakikuja, wasikilizaji. Alikuja meneja mwingine kutoka ng'ambo. Akaja na shemeji yake, akamweka mkuu wa stoo. Huyo hakuna aliyemuuliza habari ya jamaa. Inaudhi, na sitajifanya haiudhi. Nangila ndiye aliyewafundisha kazi, meneja huyo na shemeji yake pia.

Mwezi uliopita Nangila alianguka kazini. Presha. Bethwel alikimbia hospitalini, akakuta shuka limeshafunika uso.

Siku ya mazishi meneja alipewa maikrofoni. Akasema, "Nangila alikuwa familia yetu."

Bethwel akasimama. "Boss, familia yenu tunaijua. Iko stoo. Huyu alikuwa dada yangu."

Meneja akarudisha maikrofoni, akaketi.

Mama Mercyline, pole sana. Bethwel, pole, ndugu yetu. Mungu awashike mkono.

Na wewe unayetusikiliza, kuna mtu wako uliyemfungia mlango ili wakubwa wakuone mwadilifu? Mpigie simu leo. Nangila alinuia kumpigia Bethwel. Alikuwa anangoja tu apewe kiti.