Tupokigwe Andrea Mwaisanila: Karani wa Mizani Aliyewajua Fahali na Dubu

Ndugu, jamaa na majirani mliofika Ikuti na mvua hii, ndaga fijo, asanteni sana. Mama tunayemsindikiza leo wengi wenu aliwapimia majani ya chai, na wengine aliwapimia maneno. Maisha yake yalikuwa hivi.

Marehemu Tupokigwe alizaliwa tarehe 12 Machi 1956 hapa hapa Ikuti, mtoto wa kwanza wa mzee Andrea. Mdogo wake, Nsajigwa, alimfuata miaka sita baadaye, na mgongo uliombeba ulikuwa wa dada yake. Baba yao alikuwa na ng'ombe wanane, lakini zizini walilala watatu tu. Wengine aliwapeleka kulelewa kwa rafiki zake wa Masukulu na Matwebe, kama ilivyokuwa desturi. Ndama ambaye Tupokigwe alimpenda alipopelekwa Matwebe, mtoto aligoma kula siku mbili. Mwaka uliofuata ugonjwa ukaingia Ikuti, ukawamaliza wale watatu wa zizini. Ndama wa Matwebe akabaki mzima. Hilo hakulisahau.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Kwa hesabu hakuna mvulana aliyemfikia, ila nafasi ya kuendelea haikupatikana. Mwaka 1974 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika kituo cha kununulia majani ya chai, kazi aliyoifanya miaka thelathini na minne. Mkulima aliyelowesha majani ili yaongezeke uzito alimwambia kwa upole akayakung'ute kwanza, ndipo waamkiane.

Tarehe 8 Oktoba 1977 alifunga ndoa na Ambindwile Mwakalonge, fundi seremala, katika Kanisa la Moravian. Mungu aliwajalia watoto watatu. Ambindwile alipenda kusema kwamba alioa mke akaletewa mzani pia, maana nyumbani hata chumvi ya mboga ilipimwa. Alitangulia mbele ya haki mwaka 2009.

Tupokigwe alipostaafu mwaka 2008 alihudhuria semina Mbeya, na sehemu ya kiinua mgongo chake akanunulia hisa za kampuni tatu. Aliporudi aliwakusanya wenzake wa kikundi cha kuweka akiba akawaeleza kwamba bei zikipanda mfululizo, wenye soko husema ni wakati wa fahali, kwa kuwa fahali hurusha pembe juu. Zikishuka ni wakati wa dubu, kwa kuwa dubu hupiga makucha chini. Nsajigwa akauliza kama huyo dubu anakula mahindi, maana hapa hajawahi kuonekana.

"Hata mimi sijamwona," dada yake alimjibu. "Ndiyo maana watu wanamsahau."

Hisa alizifananisha na ng'ombe uliyempeleka kwa rafiki: ni wako, ila analala kwa mwingine. Usiwaweke wote zizi moja, na usiende kila asubuhi kumpapasa nundu.

Mwaka 2023 ukaja wakati wa fahali, na kampuni moja ilipanda hadi watu wakawa wanaiongelea msibani. Nsajigwa alitaka kuuza nusu yake ya shamba la chai walilorithi wawili hao kwa mzee Andrea, aweke fedha yote huko. Mnunuzi, mgeni kutoka mjini, alikuwa tayari. Tupokigwe alimsihi wiki nzima. Siku ya mwisho alimwambia jikoni, akimmenyea ndizi, "Mdogo wangu, ng'ombe akinona si kwamba wewe umekuwa mchungaji hodari. Mvua imenyesha."

Nsajigwa alijibu kwamba uzee umemtia dada woga, akaziacha ndizi bila kuonja.

Basi Tupokigwe akauza hisa zake nyingi, bei ikiwa juu, ili anunue yeye nusu ile isitoke nje ya ukoo. Shoga yake Mwanaasha, muuza vitambaa wa Tukuyu, alimcheka. "Wenzio wote wananunua, wewe unauza. Umeota nini?"

"Sijaota. Jana kinyozi kanishauri ninunue. Juzi mhunzi. Sasa aliyebaki kununua ni nani?"

Nsajigwa alipokea fedha mbele ya mwenyekiti wa kijiji, akanunua hisa za kampuni ile moja, akapanda mche wa mpaka katikati ya chai, kuonyesha nusu aliyoiuza inaishia wapi. Kwa mwaka mzima hakukanyaga kwa dada yake.

Mwaka 2024 dubu akaja. Bei ilishuka hadi chini ya nusu. Nsajigwa alirudi siku ya Jumapili baada ya ibada, akakaa kwenye kigoda. Hakuna aliyemsema. Tupokigwe alimwekea ndizi mezani, akamuuliza kama kampuni bado inafanya kazi na kugawa gawio. Akasema ndiyo. "Basi sasa ndiyo usiuze," alimwambia. "Kula."

Januari 2025 moyo wa Tupokigwe ulianza kudhoofika. Alitibiwa hospitali ya Makandana, kisha Mbeya, akarudi akiwa amepungua sana. Mwezi Agosti alimwita mwenyekiti, akaandikisha nusu ile irudi kwa jina la Nsajigwa, kwa sharti moja: isiuzwe nje ya ukoo. Nsajigwa alipouliza atalipa nini, alijibu, "Niletee majani makavu. Ya kwako huwa yana maji." Alifariki dunia nyumbani, saa tatu asubuhi ya tarehe 17 Novemba 2025, mdogo wake akiwa amemshika mkono.

Kaburi limechimbwa pale ulipokuwa mche wa mpaka. Nsajigwa aliung'oa mwenyewe jana.

Ameacha watoto Prosper, Tulinagwe na Tulia, wajukuu tisa, vitukuu wawili, mdogo wake Nsajigwa, shoga yake Mwanaasha, na ng'ombe wanne, wawili wakiwa kwa watu.

Mungu ampumzishe kwa amani, katika shamba alilokataa litutoke.