Mkono wa Kwanza

Ndani ya basi, binti aliona kwanza kifungo cha shati la dada wa kiti cha mbele: kilikuwa kimeingia tundu la kifungo jirani. Dada alikuwa anakwenda kwenye usaili wa shahada ya uzamili, asomee kuwafundisha waliopooza kujihudumia tena.

"Unamvisha shati aliyepooza upande mmoja. Unaanza na mkono upi?" shangazi wa dada, aliyeketi naye, alimpima.

"Ule mzima, shangazi. Ndio mwepesi."

"Umepita, profesa wangu!" alishangilia shangazi, muuza viatu.

Binti, aliyeishia darasa la tano na kumvisha babu yake aliyepooza miaka mitatu, alifungua mdomo, akajifanya anapiga miayo. Basi likasimama, dada na shangazi wakashuka.

Binti akasema moyoni: Kifungo chako kimekosea tundu, dada. Na shati huanza na mkono uliopooza. Ule mzima hujitafutia njia.