Fundi Herménégilde na Giaboksi ya Ambulensi

Baada ya miaka ishirini na minne katika karakana yetu ya Nyamityobora, Mzee Herménégilde anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Alikuja Mbarara akitokea kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Mrundi mwenye koti la mvua na bisibisi moja mfukoni. Anaondoka akiwa fundi wetu mkuu wa giaboksi. Bisibisi tuliiazima tukaipoteza; atusamehe.

Magari ya otomatiki yalipoanza kumiminika, wengi wetu tuliyakwepa. Yeye aliyaendea. Kabla ya kugusa giaboksi hudondoshea mafuta yake kwenye kitambaa cheupe, akayanusa. Yakiwa mekundu, hutabasamu. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, mwenye gari huletewa kiti. Mkewe Godeberthe, Mama Doriane kwetu sote, hulalamika kwamba nyumbani hakujabaki leso.

Lakini mimi, Buruhan wa stoo, nikitakiwa kusema jambo moja tu, nitasema la Jumamosi ile ya mwaka juzi. Ambulensi ya zahanati moja kambini ilikuwa imeanza kusita kwenye vilima vya Kaberebere: injini inanguruma, gari haliendi. Dereva wake, Gad, aliileta uani kwa Mzee, Nakivale, ambako bado ni nyumbani kwake, nami nikapeleka mafuta mapya na filta. Tulimwaga mafuta ya zamani kwenye beseni, tukafungua karai la chini ya giaboksi. Sumaku zake zilikuwa zimejaa unga wa chuma, na filta imeziba.

Ndipo muuguzi alipotujia mbio. Sonia, jirani yake Mzee, alikuwa na uchungu wa kuzaa, mtoto amekaa vibaya tumboni, na lazima afike Mbarara kabla ya jioni. Gari jingine lenye oksijeni halikuwapo.

Mzee hakupapatika. "Bwate haitaki haraka," alisema, kwani giaboksi kwake ni bwate. Aliosha karai, akafunga filta mpya, akakaza nati moja moja. Giaboksi ile haina kijiti cha kupimia, kwa hiyo unarudisha kiasi kilekile ulichotoa. Tukageukia beseni. Lilikuwa tupu.

Kambini kila mtu anajua kwamba mafuta machafu ya gari ni dawa ya mchwa. Mama Doriane alikuwa ameyapaka kwenye nguzo za uzio, zote, kwa bidii.

"Papa Doriane, nilizani umeyatupa," alisema. "Muchwa ulikuwa unamaliza miti yetu."

Mafuta yakipungua, gari lingekwama kilimani na Sonia ndani. Yakizidi, yangetoa povu na kuiua giaboksi. Ipo njia nyingine: unajaza kupita kiasi, unawasha injini, kisha unafungua nati ya kipimo ili ziada itoke. Ila sharti mafuta yawe yamefika joto lake, na kipima joto kilikuwa Mbarara.

Mzee hakumgombeza mkewe. Alimwomba alale naye chini ya gari, tulilokuwa tumeliinua sawasawa juu ya magogo, aweke kiwiko kwenye karai na aseme likifika joto la maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Tukajaza mafuta mapya kupita kiasi, na Gad akawasha injini, akakanyaga breki akipitisha gia zote. Mama Doriane alifumba macho.

"Bado," alisema. "Bado." Kisha: "Sasa. Hapa naweza kumuingiza mutoto."

Mzee akafungua nati. Ziada ikatiririka, ikawa uzi, ikawa matone, akafunga. Nimekulia katika magari na sijaona kitu kama kile, wala sitarajii kukiona tena.

Sonia akapakiwa. Tulisimama barabarani tukisikiliza gari likipanda: gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, laini kabisa. Mama Doriane alilia bila kujificha, na Mzee akamshika mkono mbele yetu sote. Jioni Gad alipiga simu kutoka hospitali: mama mzima, mtoto wa kike mzima.

Mzee, ahsante kwa kazi na kwa moyo wako. Mama Doriane, ahsante nawe; karakana haikukuandika kazi, lakini ulikuwa fundi wetu. Tunawaombea afya na utulivu mwingi. Yupo binti mdogo Nakivale anayekimbia kutwa nzima na hajui giaboksi ni nini. Nenda, Mzee wetu, ukae ukimtazama.